Neno la Hamza Kutoka Kisimani

Ukifika Ngokolo, hapa Shinyanga, ukauliza kwa Mama Hamza, watu watataka kujua kwanza unatafuta chakula au unatafuta ugomvi, maana kwake vyote viwili vinapatikana na vyote ni vya moto. Jina lake ni Mwamvua. Nyumba yake na yangu zinapakana, ua wetu ni mmoja, na miaka yote hiyo tumegombana karibu kila wiki bila kununiana hadi wiki inayofuata. Mimi ni Mwasiti. Nayasimulia haya kwa sababu nilikuwapo, na kwa sababu wanaoyasimulia mtaani wanayapotosha.

Babu yake Mwamvua alikuja na reli kutoka Tabora, akaoa Msukuma, akabaki. Kwao ni swala tano na Kiswahili cha mjini, lakini mama yake alipokasirika alikasirika kwa Kisukuma, na Mwamvua karithi hilo. Aliolewa na mchuuzi wa ng'ombe, akazaa mtoto mmoja tu, Hamza, na kabla Hamza hajaanza shule mume akafa kwa homa. Ndugu wa mume wakaja na maneno yao. Mwamvua hakuwasikiliza. Alifunga sufuria zake kwenye kanga, akamshika mtoto mkono, akaenda kuifuata dhahabu upande wa Geita. Si kuichimba. Kuwapikia wanaoichimba.

Huko alikaa miaka mingi. Banda lake la chakula lilikuwa karibu na maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na Hamza alikulia katikati ya kamba, matimba ya kuzuia kuta za shimo na vumbi la karasha la kusagia mawe. Mwamvua alimpigania asome. Alimchapa, akamhonga, akamhamisha shule. Mtoto alipoota ndevu, akashuka duarani kama wenzake. Mama mtu akalia siku ile, halafu akapika, kwa sababu wanaume arobaini walikuwa wanangoja kula.

Sasa kuna jambo moja lazima nilieleze mapema, maana bila hilo habari hii haina kichwa wala miguu. Kundi la kina Hamza lilikuwa na desturi yake. Mmoja akiwa chini, mwenzake aliyeshika kamba juu humuita kila baada ya muda: "Vipi huko?" Wa chini hujibu, "Amani!" Wa juu naye humrudishia, "Amani!" Basi. Maana yake hewa ipo, matimba yamesimama, niache nifanye kazi. Mambo yakiharibika husema "Vuta!" Mwamvua akisonga ugali bandani alikuwa anategea sikio neno lile kutwa nzima. Aliniambia kwamba alikuwa anaitambua sauti ya mwanawe hata ikitoka chini ya ardhi, na kila ikisema amani, mwiko unaanza tena kuzunguka.

Hamza alikuwa na rafiki, Donatus, kijana wa Runzewe, Mkristo mpole mwenye kucheka kwa mabega. Walishikiana kamba toka wakiwa vijana. Uvumi ulipokuja kwamba Sudan kuna dhahabu ya kuokota, wakaenda wote wawili. Mwamvua alisema maneno mabaya sana siku hiyo na sitayaandika hapa. Walipata kidogo, kisha vita vikalipuka, wakakimbia kaskazini na watu wengine hadi Misri. Donatus akabaki Kairo akiosha vyombo hotelini. Hamza, ambaye miguu yake haikujua kutulia, akasikia habari za dhahabu upande wa Libya, akaelekea huko. Akaishia kwenye mji mmoja mdogo katikati ya jangwa, karibu na mpaka, unaitwa Siwa. Mpaka ulikuwa umefungwa. Lakini watu wa Siwa wanaishi kwa maji ya chini ya ardhi, na huyu alikuwa mtu wa kwenda chini ya ardhi. Akapata kazi ya kufukua visima vya zamani vilivyojaa udongo.

Alikuwa anapiga simu. Anamwambia mama yake, "Mama, huku ni tende tu. Na watu wenyewe hata si Waarabu, wana lugha yao, naanza kuijua." Mwamvua anamjibu, "Lugha ya kwenu umeimaliza?"

Halafu siku moja akapiga Donatus.

Nilikuwapo. Tulikuwa tunachambua mchele. Mwamvua aliweka simu kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi. Donatus alisema ameacha kazi Kairo, amemfuata Hamza Siwa ana wiki moja tu, na leo kisima kimemchukua Hamza. Alikuwa chini, Donatus ameshika kamba juu. Mwamba ulipasuka, maji na tope vikaja kwa pamoja. Donatus alikuwa analia hadi hasikiki. Mwamvua hakulia. Aliuliza kitu kimoja: "Alisema nini?"

"Alisema amani, mayu. Nilimsikia. Kisha kimya."

Hapo ndipo Mwamvua alipojishikiza. Mzazi aliyefiwa hutafuta mahali pa kushika, na yeye alishika hapo. Kwa kuwa mtoto alisema amani, basi hewa ilikuwapo, kazi ilikuwa inaendelea, na kifo kilimjia ghafla bila kumtisha. "Hakujua, Mwasiti," alikuwa akiniambia. "Mwanangu hakuogopa. Alikuwa anachimba tu." Wanawake waliokuja matangani aliwaeleza hivyo, mmoja baada ya mwingine, na waliochelewa akawaeleza upya. Hamza alizikwa hukohuko, maana kumrudisha kulitushinda.

Donatus alirudi nchini miezi kadhaa baadaye, akaingia kwenye duara moja upande wa kwao, na Mungu akamfungulia. Hakumsahau Mwamvua. Kila Idi alikuja na mbuzi, yeye Mkatoliki, akamchinjisha kwa shehe na kukaa uwani akichuna ngozi bila kusema mengi. Watu walimsifu. Na mimi nilimsifu.

Mwaka jana akaja bila mbuzi. Alisema, "Mama, nenda ukamuone Hamza. Nauli na kila kitu ni juu yangu. Nenda na mama mdogo Mwasiti, anajua Kiarabu."

Kiarabu changu! Nilikaa Maskati miaka mitatu nikifanya kazi za ndani. Kiarabu nilichorudi nacho ni cha osha, piga pasi, harakisha, na umevunja tena. Lakini nani angekataa? Mwamvua aliwaza usiku mmoja tu. Asubuhi akaniambia, "Nataka kuwauliza waliomtoa. Wao walimuona uso. Kama aliogopa, uso utakuwa umeonyesha." Nilimwambia si lazima aulize. Akasema kwa hiyo nadhani anakwenda kutazama mitende?

Safari yenyewe sitaieleza sana. Mwamvua si mtu wa ndege. Alimbana mkono wangu hadi Kairo, na mhudumu alipomletea chakula alikionja akasema kimepikwa na mtu asiyependa watu. Kutoka Kairo ni basi, saa nyingi, kwanza kando ya bahari, kisha jangwani. Mimi nilidhani nalijua jangwa kwa kuwa niliishi Uarabuni, kumbe niliishi jikoni. Hapa palikuwa hapana kitu. Hapana mti, hapana mbuzi, hapana hata kichaka cha kujisitiri. Mwamvua aliegemea kioo. "Alipita hapa," alisema. "Alipita hapa na asigeuke."

Halafu chini ya mteremko pakatokea kijani. Mitende kwa maelfu, mizeituni, na maziwa ya maji ya chumvi yenye ukingo mweupe. Katikati ya mji kuna kilima cha nyumba kuukuu zilizojengwa kwa udongo wa chumvi, zimeyeyuka kwa mvua za zamani na zimebaki kuta zilizopinda. Watu wanakaa chini yake kwenye nyumba mpya. Punda wanakokota mikokoteni, na maguta ya magurudumu matatu nayo yanapiga honi kuwataka punda wapishe.

Mwenye kile kisima anaitwa Sanusi, mzee mwembamba mwenye macho mekundu ya jua. Alitupokea stendi pamoja na mkewe, Zahra. Huyu Zahra sikumuona uso hadi tulipoingia ndani, maana wanawake wa kule wakitoka nje hujifunika shali kubwa la kijivu lenye tarizi, mwili mzima, hata macho yanachungulia kwa tabu. Mwamvua, ambaye hapa Ngokolo hujiona mwenye stara kuliko wote, alijitazama ushungi wake akaanza kuuvuta mbele. Tulipofika uwani Zahra alivua lile shali, akawa mama mnene mwenye nywele zilizosukwa misuko myembamba mingi, akamkumbatia Mwamvua akaanza kulia kwa sauti kama amefiwa jana.

Nikajitia kutafsiri. Niliongea Kiarabu changu cha Maskati, wakwe za Zahra, wake wa wanawe, wakaangua kicheko, wakajibizana kwa maneno ambayo sikupata hata moja. Sanusi akanihurumia. Akaniambia polepole kwamba wao si Waarabu. Ni watu wa zamani zaidi, Waarabu waliwakuta hapo. Kiarabu wanakisema sokoni na shuleni, lakini nyumbani wanasema chao, na wanawake wakubwa kama Zahra Kiarabu chao ni cha kuungaunga. Nilipomwambia Mwamvua alitikisa kichwa. "Kama kwetu," akasema. "Serikalini Kiswahili, jikoni Kisukuma. Mwambie nimeelewa." Na akamwambia Zahra mwenyewe, "Wabeja, mayu," yaani asante mama kwa Kisukuma, kwa kuwa aliona kama mwenzake anasema lugha ya jikoni na yeye aseme ya jikoni. Zahra akaitikia kwa lugha yake. Basi walienda hivyohivyo, kila mmoja na lake, na walielewana kuliko mimi nilivyoelewana na yeyote.

Kesho yake asubuhi walitupeleka kaburini. Ni nje kidogo ya mji, penye kokoto na upepo. Kaburi la Hamza lina jiwe kichwani na jiwe miguuni, na Zahra alikuwa ameliwekea kuti bichi la mtende. Mwamvua alikaa chini mchangani. Alisoma alichokijua, kisha akaanza kumgombeza. Alimgombeza kwa Kisukuma, taratibu, kama anavyogombeza mtoto aliyechelewa kurudi na kandambili zimepotea. Nikageuka nikatazama pembeni. Nilikuwa nalia na sikutaka anione, maana angenigombeza na mimi.

Kisha tukaenda kisimani. Jamani, kile kisima. Nilitarajia shimo. Nilikuta birika pana la mawe, maji yanabubujika kutoka chini bila kukoma, safi hadi unaona mchanga unavyocheza, na mfereji unayapeleka kwenye mitende michanga iliyopangwa safu. Sisi wa Shinyanga tunaojua kununua maji kwa ndoo tulisimama tukikodoa macho. Sanusi akasema kwamba shamba lile lilikuwa limekufa tangu wakati wa baba yake. Akasema kisima sasa kinaitwa kwa jina la Hamza. Alidhani atamfurahisha Mwamvua.

"Mwambie maji haya nayachukia," Mwamvua akasema. "Mwambie ni mazuri na nayachukia."

Nilitafsiri vyote viwili. Sanusi akainamisha kichwa, akasema ana haki.

Hapo Mwamvua akauliza lile lililomtoa Ngokolo. Sanusi akaeleza, na mimi nikakamata nilichoweza. Siku zote yeye Sanusi ndiye aliyekuwa akishika kamba. Siku ile tende zilikuwa zimeiva, gari la mnunuzi likafika mapema, akamuachia kamba yule rafiki mgeni akaenda upande wa pili wa shamba kupakia. Hamza akiwa chini hakujua kwamba amebadilishiwa mtu. Sanusi aliporudi mbio, maji yalishafika juu. "Tulipomtoa tulimuosha, uso wake ulikuwa umetulia," alisema. Kila maiti uso wake umetulia ukiwauliza waoshaji, na mimi sikulitilia maanani. Lakini akaongeza jingine. "Tulikuwa tumekubaliana. Akiona dalili tu, aniite, nami ningemvuta. Kama angeita, hata yule rafiki angevuta. Hakuita. Haikumpa nafasi."

Nilimtafsiria Mwamvua neno kwa neno. Akafumba macho. "Nilikwambia," akasema. "Hakujua."

Sehemu iliyobaki ya siku ile alikuwa mtu mwingine. Alikula. Aliingia jikoni kwa Zahra bila kuombwa, akafunua sufuria, akaonja, akaongeza chumvi kwenye chakula cha watu. Alifundishwa kutoa kokwa za zeituni, akawafundisha wakwe kukuna nazi ambayo haikuwapo, kwa mikono mitupu, na wanawake wakacheka hadi wakashikana. Sijamuona akicheka vile tangu simu ile. Nilijiambia Donatus Mungu ambariki, kumbe alichokihitaji mama huyu ni kufika tu.

Kesho yake alasiri tulikuwa uwani tunakunywa chai. Zahra alitandaza tende, kavu na laini, akawa anamlisha Mwamvua kwa mkono wake. Mwamvua ana tabia ya kusema huku mdomo umejaa. Tende ikamkwama, akaanza kukohoa, machozi yakamtoka. Zahra akainuka nusu, akageukia jikoni, akapaza sauti:

"Aman! Aman!"

Mkwe akatoka mbio na bakuli la maji.

Mwamvua alikuwa bado anakohoa. Halafu akaacha, ghafla, tende ikiwa palepale. Alilitazama lile bakuli. Alimtazama Zahra mdomoni. Zahra alidhani hajaelewa, akamsogezea bakuli, akayagusa maji kwa kidole na kumfundisha kwa upole, kama unavyomfundisha mtoto: "Aman."

Mimi nilielewa, na nilitamani nisingeelewa. Masikio yetu hayakubali neno liishie hewani. Lazima tulitie mkia, ndiyo maana tunasema benki na chaki. Mtu wa Siwa akisema aman, mtu wa Runzewe anasikia amani. Na wale wa Geita, amani kwao si neno la sala. Ni neno la kazi. Maana yake usivute.

"Muite Sanusi," Mwamvua akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Shoga, tuache."

"Mwasiti, muite."

Sanusi alikuja akifuta mikono. Mwamvua akasema, "Muulize, walikubaliana aite nini."

Nikauliza. Niliuliza vibaya makusudi, nikachanganya maneno, nikitumaini hatanielewa. Alinielewa. Alisema ni jambo jepesi, kila mfukua visima wa kwao anajua: maji yakianza kuingia, wa chini huita maji. Huita aman. Wa juu akilisikia hilo haulizi, anavuta.

Mwamvua hakupiga kelele. Alikunja ncha ya ushungi wake akaanza kuipindapinda kidoleni. Sanusi alitutazama mmoja baada ya mwingine. Mzee hakuwa mjinga. Akaniuliza, "Kwa nini anauliza? Kuna aliyemsikia akiita?"

Nikamtafsiria Mwamvua. Nilikuwa tayari kusema. Ulimi uliniwasha. Nilitaka yule mzee ajue, nilitaka mtu yeyote apige kelele pale uwani.

"Mwambie hapana," Mwamvua akasema. "Mwambie hakuna aliyesikia. Yule kijana ni mtoto wangu pia. Sitamuacha na jina baya kwa watu."

Nikasema hapana.

Tukaanza safari ya kurudi. Kwenye ndege hakunishika mkono. Nilimwambia maneno ya kumfariji, yote ya kipuuzi, na alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Tulipofika Isaka basi likasimama, wachuuzi wakaja dirishani na maji ya chupa, "Maji mama, maji baridi," akavuta pazia. Ndipo akasema. "Aliogopa, Mwasiti. Alijua, na aliita. Aliita kwa lugha ya watu akidhani wenyewe wapo." Kisha akasema Donatus asijue kamwe. Akijua ataacha kula, atakufa, na itakuwa misiba miwili kwa neno moja. Nikamuapia.

Donatus alikuja wiki hiyohiyo. Ilikuwa mchana, jua kali, Mwamvua anapepeta mchele uwani na mimi nimekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alikaa chini, si kwenye kiti alichopewa. Mwamvua akaanza kumweleza jinsi alivyojiandaa: kaburi ni zuri, wamelitunza, watu wana upendo, kisima kimepewa jina la mwenzio. Aliongea haraka. Donatus aliitikia ndiyo mama, ndiyo mama, akichora ardhi kwa kijiti. Kisha akauliza bila kuinua uso:

"Wale watu walikupa maji, mayu?"

Ungo ukasimama mikononi mwa Mwamvua.

"Unajua," akasema.

Donatus akaangua kilio. Alisema alijua tangu siku ya tatu ya matanga. Zahra alimletea bakuli, akamwambia aman, kunywa, na yeye akaelewa palepale na bakuli likamponyoka. Hakuthubutu kusema kule. Alipokuja hapa na mbuzi kila Idi, kila mara alidhamiria aseme, na kila mara Mwamvua alimuanza yeye: mwanangu hakuogopa, wewe shahidi. Mdomo ukafunga. "Nikaona siwezi kulisema kwa kinywa changu. Nikasema nikupeleke, ulisikie kwao wenyewe."

Hapo mimi nilipasuka. Nilimwambia yaani ulimpakia mama wa watu kwenye ndege akauchukue mzigo wako! Alikuwa analala! Alikuwa na kitu chake kimoja cha kushika, ukashindwa hata kumuachia hicho! Nilisema mengine, na sijutii hata moja. Donatus hakujitetea. Mwamvua alininyamazisha kwa mkono.

"Uliniambia alisema amani kisha kimya," akamwambia. "Kumbe aliita mara moja tu?"

Donatus akatikisa kichwa.

"Aliita nyingi, mama."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilimjibu. Nilidhani ana furaha. Nilidhani anatania, kama zamani kule kwetu. Kila akiita, na mimi namrudishia. Amani! Nikawa nacheka, mayu. Naita amani, na yeye anaita, na mimi naita."

Kuku walikuwa wamefika wanadokoa mchele uliomwagika na hakuna aliyewafukuza. Mwamvua aliuweka ungo chini. Hakumlaani. Na sikumsikia akimsamehe.

"Kwa hiyo alisikia anajibiwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alijua kuna mtu amemsikia."

"Ndiyo."

"Basi mwanangu alikuwa anangoja kamba."

Donatus akafunika uso. Mwamvua akaniinulia macho mimi, si yeye, na akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua na anadhani mimi niliyetembea duniani nitakuwa najua: "Mwasiti, mtu akishajibiwa, akawa anangoja kamba, anaogopa?"

Mimi ninayejibu kila mtu Ngokolo nzima niliinuka nikaanza kuwafukuza kuku.